Konsoli Mpya Katika Gari la Zamani: Dalili za Matatizo na Namna ya Kuyatatua

Wanaotunza magari ya zamani Dar es Salaam hufikia hatua ambapo injini imetulia, bodi imenyooshwa na kupigwa rangi, viti vimeshonwa upya, na kinachobaki kuchukiza jicho ni konsoli, yaani lile sanduku refu lililo kati ya viti vya mbele, linalouzunguka mkono wa gia na kubeba saa, geji, swichi na kiberiti cha sigara. Konsoli nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimeshapasuka au kupotea, hivyo mwenye gari huagiza nakala mpya iliyotengenezwa kwa plastiki ya ABS au kwa faiba. Mara nyingi nakala hiyo hufika ikiwa vipande vipande: ganda, mfuniko, bawaba, mabano ya chuma, mapambo ya kromu na mfuko wa skrubu. Hapo ndipo malalamiko huanza, nayo hufanana kutoka gereji moja hadi nyingine.

Lawama ya kwanza huelekezwa kwa konsoli yenyewe, na wakati mwingine ni haki, kwa sababu nakala hazilingani ubora. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa, chanzo kiko chini ya konsoli: kapeti nene kuliko la awali, sakafu iliyochomelewa upya, gia boksi iliyotoka gari jingine, au maunting (mpira unaoshikilia injini au gia boksi) iliyochoka. Gari lenye umri wa miaka 50 si lile lililotoka kiwandani, na konsoli hugusa karibu kila kitu kilichobadilishwa tangu hapo. Kwa hiyo usitoboe, usikate wala usikaze kitu chochote mpaka uwe umejua ni nini kilichohama.

Kabla ya kushughulikia dalili yoyote

Ondoa waya wa ethi, yaani ule unaounganisha betri na bodi ya gari, kwenye betri. Kisha toa kapeti lote katikati ya gari na uketishe ganda la konsoli likiwa tupu, bila mabano, bila mapambo na bila waya, juu ya ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Sogeza mkono wa gia katika nafasi zote, vuta handibreki hadi mwisho, sogeza viti mbele na nyuma. Wakati huo ndio utakaojua kama ganda ni la gari lako kweli. Konsoli za magari yaliyouzwa Marekani zilichorwa kwa usukani wa kushoto, na nakala zake huenda zikawa na tundu la handibreki au mwinamo wa swichi unaomkabili dereva wa upande ule. Vilevile nakala za gia ya mkono na za gia otomatiki hutofautiana. Ganda lisilo sahihi lirudishwe likiwa halijatobolewa, kwa kuwa muuzaji hatapokea lililokwisha kutobolewa.

Dalili ya kwanza: mashimo ya skrubu hayakutani na mabano

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na sababu yake ya kawaida ni kapeti. Kapeti la kisasa pamoja na felti ya kuzuia joto na kelele vinaweza kuinua konsoli kwa milimita 5 hadi 10, na kwa kuwa pande za konsoli zimelala kwa mwinamo, kuinuka huko huyasukuma mashimo juu na pia kuyatanua kwenda nje. Ukaguzi ni mwepesi: ketisha ganda bila kapeti. Mashimo yakikutana, tatizo si konsoli. Kata felti sehemu ya chini ya konsoli pekee, ukiacha kapeti liingie kiasi cha upana wa vidole viwili chini ya kingo zake ili lisionekane limekatwa. Hakuna anayekanyaga chini ya konsoli, hivyo felti ya hapo haina kazi kubwa ya kuzuia kelele za nyayo, ingawa karibu na gia boksi ni vyema kuacha tabaka jembamba la kuzuia joto.

Ikiwa mashimo hayakutani hata bila kapeti, angalia mabano. Mabano ya mbele na ya nyuma hufanana sana, na mengi yana upande wa kushoto na wa kulia bila alama yoyote. Yabadilishe nafasi kabla ya kuamini kwamba yametengenezwa vibaya. Baada ya hapo pima sakafu. Gari ambalo sakafu yake ilioza kwa kutu, jambo la kawaida kwa magari yaliyokaa miaka mingi karibu na bahari, huwa limechomelewa bati jipya, na mchomeleaji asiyekuwa na konsoli mbele yake hakuwa na sababu ya kuhifadhi vituo vya mabano. Pima kwa kamba kutoka katikati ya dashibodi hadi katikati ya kiti cha nyuma, kisha tazama kama mgongo wa sakafu uko kwenye mstari huo. Kuhama kwa milimita chache kunarekebishika kwa kurefusha mashimo ya mabano kwa tupa. Kuhama zaidi ya hapo kunahitaji mabano mapya, na mafundi wa chuma wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kuyakunja kwa bati la milimita 1.5 wakipewa kiolezo cha kadibodi kilichokatwa kwa uangalifu.

Uwezekano wa mwisho ni kwamba ganda lenyewe limesinyaa au limepinda. Faiba iliyotolewa kwenye kalibu kabla haijakauka vizuri huweza kujikunja, na ganda la ABS hupinda likihifadhiwa vibaya. Marekebisho yake yanaelezwa mbele.

Hapa pana onyo ambalo halina mjadala. Usitoboe mgongo wa sakafu mpaka uwe umelala chini ya gari na kuona kilicho upande wa pili. Mabomba ya breki, bomba la petroli, nyaya za umeme na propela shafti hupita hapo katika magari mengi. Kwenye Volkswagen Beetle hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu bomba la petroli, kebo ya klachi, kebo ya akselereta na fimbo ya gia hupita ndani kabisa ya mgongo huo ambako macho hayafiki hata ukiwa chini ya gari. Kwa Beetle, funga konsoli kwa mabano yanayoshika kwenye bolti zilizopo au kwa mikanda ya kunata, wala usiingize drili kwenye mgongo. Ukikuta petroli inavuja au ukisikia harufu yake wakati wa kazi, acha kila kitu, toa gari nje ya banda na umwite fundi.

Dalili ya pili: mkono wa gia unagonga au gia inachomoka

Kama gia ya pili na ya nne hazikai vizuri, tazama ukingo wa nyuma wa tundu la gia, kwa kuwa katika mpangilio wa kawaida gia hizo huvutwa nyuma. Gia ya kwanza na ya tatu zikisumbua, tazama ukingo wa mbele. Mkono unaozuiliwa kwa milimita mbili tu hauruhusu gia kushika kikamilifu, na gia isiyoshika kikamilifu huchomoka wakati gari liko kwenye mzigo na kula meno yake.

Sababu ya kawaida ni soksi ya gia, ile ya ngozi au ya mpira, iliyobanwa ikiwa imekazwa mno chini ya fremu yake. Ilegeze, mpe mkono nafasi, kisha ujaribu tena. Ikiwa mkono wenyewe unagusa plastiki, usikimbilie kukata tundu. Kwanza ingia chini uangalie maunting ya gia boksi. Mpira uliolowa oili na kulegea huishusha gia boksi upande wa nyuma, na mkono wa gia huhama pamoja nayo. Ukikata konsoli kufuata gia boksi iliyoshuka, siku utakapobadilisha maunting tundu litakuwa limekaa mahali pasipo pake. Maunting ya magari mengi hupatikana kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, na kwa gari ambalo spea zake ni adimu, chukua ya zamani mkononi ili ulinganishe umbo na nafasi za bolti.

Magari mengi ya zamani hapa nchini yamewekwa injini na gia boksi za Toyota au Nissan ili yaendelee kutembea, na hilo ni jambo la busara kwa anayelitegemea gari kila siku. Lakini mkono wa gia boksi hiyo hutokeza mahali pengine kabisa. Katika hali hiyo kuna njia mbili za haki: kutengeneza mkono uliopinda ili kirungu cha gia kirudi katikati ya tundu, au kukata tundu jipya na kulifunika kwa bamba pana. Mkono uliopinda upimwe na fundi wa gia boksi, kwa sababu mchomeleo dhaifu hapo unaweza kukatika barabarani.

Kwa gari la gia otomatiki, dalili huwa ni herufi za P, R, N na D kutolingana na gia iliyoingia. Usisogeze bamba la herufi ili lionekane sawa. Rekebisha fimbo au kebo inayoungana na gia boksi, kisha jaribu: gari liwake katika P na N pekee, na likiwa kwenye P lisitembee hata likisukumwa. Likiwaka katika D au R, usiliendeshe. Mpe fundi wa gia boksi.

Handibreki nayo ikaguliwe papo hapo. Ikiwa mkono wake unagusa konsoli kabla ya kufika mwisho wa safari yake, gari linaweza kuteleza kwenye mteremko huku dereva akiamini limefungwa. Kata konsoli, usifupishe handibreki.

Dalili ya tatu: taa za konsoli haziwaki, au fyuzi inakatika

Tenganisha dalili hizi mbili kwanza, kwa kuwa vyanzo vyake havifanani.

Taa na saa zisizowaka ilhali fyuzi ni nzima husababishwa mara nyingi na kukosekana kwa ethi. Katika konsoli za zamani zenye fremu ya chuma, vishikio vya balbu vilipata ethi kwa kugusa fremu iliyofungwa kwenye bodi. Nakala ya plastiki au faiba haipitishi umeme, na mwenye gari huunganisha waya zote kama zilivyokuwa akishangaa kwa nini hakuna kinachowaka. Rudisha waya wa betri na uwashe taa, kisha chukua kipande cha waya, unganisha kishikio cha balbu na chuma kisicho na rangi cha bodi. Balbu ikiwaka, umepata jibu. Tengeneza waya wa ethi wa kudumu unaokusanya vishikio vyote na kuishia kwenye bolti moja iliyosuguliwa hadi chuma ing'ae, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Ikiwa bado hakuna kinachowaka, kagua balbu, kisha plagi, kisha mita ya umeme ifuatilie waya wa chanya hadi kwenye swichi ya taa.

Fyuzi inayokatika huonyesha waya uliobanwa. Konsoli inapokazwa, waya hukaa kati ya bano na mgongo wa sakafu, au skrubu ndefu huuchoma. Legeza skrubu moja moja, ukibadilisha fyuzi, hadi uone ipi ikilegezwa fyuzi inadumu. Fyuzi kubwa zaidi haitibu tatizo hili, inachohamisha ni moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya. Baada ya hapo tazama kiberiti cha sigara. Kinapowashwa hutumia takribani ampea 10 za umeme wa volti 12, hivyo kinahitaji waya wake wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15, wala si tawi la waya mwembamba wa taa za geji. Leo watu hukitumia kuchajia simu, lakini kuna atakayekibonyeza.

Jambo moja linasahaulika sana. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, yakiwemo magari ya MGB yaliyotengenezwa hadi 1967, yalikuwa na chanya ya betri iliyounganishwa kwenye bodi. Na Beetle za zamani zilitumia volti 6. Saa, redio au chaja ya kisasa iliyomo kwenye konsoli mpya huungua mara moja ikiunganishwa kinyume, na pete ya nje ya kiberiti kwenye gari lenye chanya kwenye bodi ndiyo chanya. Tazama betri na uulize historia ya gari kabla ya kuunganisha chochote.

Geji mbili zinastahili tahadhari ya peke yake. Geji ya ampea ya aina ya zamani hupitisha karibu umeme wote wa gari ndani yake, mara nyingi bila fyuzi, na waya wake ukigusa chuma cha bano moto huanza mara moja. Geji ya oili ya kimakanika nayo huletewa oili yenyewe, ikiwa ya moto na yenye presha, kwa bomba jembamba, na bomba hilo likikunjwa chini ya konsoli hupasuka na kumwagia miguu ya dereva. Ikiwa konsoli yako inabeba mojawapo ya hizi na hujawahi kufanya kazi hiyo, mwite fundi umeme wa magari aliyezoea magari ya zamani. Mwite pia ukikuta waya zilizoyeyuka au kunusa harufu ya plastiki iliyoungua.

Dalili ya nne: konsoli imepinda, imeinuka au imepasuka kwenye skrubu

Joto la Dar es Salaam lina sehemu kubwa hapa. Gari lililofungwa na kuegeshwa juani hupata joto la ndani linaloweza kufikia nyuzi 60, na plastiki nyeusi huwa na joto zaidi ya hewa inayoizunguka. ABS hurefuka mara sita au zaidi ya chuma kwa kiasi kilekile cha joto. Konsoli ya sentimita 90 inayotoka nyuzi 25 za usiku hadi 65 za mchana hurefuka karibu milimita 3, ilhali sakafu ya chuma iliyo chini yake haifikishi nusu milimita. Kama skrubu zote zimekazwa kwenye mashimo ya duara yanayobana, plastiki haina pa kwenda: huinuka katikati, au hupasuka kuanzia kwenye shimo.

Dawa ni kuacha sehemu moja tu, kwa kawaida ile ya karibu na gia, iwe imeshikwa imara, na mashimo mengine yote yarefushwe kwa tupa kufuata urefu wa gari, yawekewe washa pana, na skrubu zikazwe kwa bisibisi ya mkono hadi washa igusane na plastiki bila kuibonyeza. Usitumie drili kukazia. Acha pia mwanya wa milimita 3 mbele, konsoli inapokutana na dashibodi, na uufunike kwa ukanda wa sponji.

Sababu ya pili ya nyufa ni petroli. Kuna mazoea ya kusafisha kila kitu cha gari kwa petroli, na ABS iliyokwisha kuvutwa na skrubu ikiguswa na petroli hupasuka yenyewe baada ya muda. Tumia maji na sabuni.

Ufa uliokwisha kutokea utobolewe tundu dogo la milimita 3 kwenye ncha yake ili usiendelee. Kisha thibitisha aina ya ganda kwa tone la asetoni sehemu iliyofichika: ABS hulainika na kunata, faiba iliyokauka haibadiliki. Kwa ABS, yeyusha vipande vyake kwenye asetoni hadi uji mzito na uupake nyuma ya ufa pamoja na kipande cha plastiki hiyohiyo. Kwa faiba, piga msasa upande wa nyuma na uweke tabaka la mkeka wa faiba na resini. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi la faiba linaumiza mapafu, na usitumie asetoni karibu na moto.

Ganda la ABS lililopinda kidogo linaweza kunyooka kwa kubanwa juu ya ubao ulionyooka na kuachwa juani mchana kutwa, kisha lipoe likiwa bado limebanwa. Bunduki ya hewa moto itumike kwa anayeijua tu, kwa kuwa ABS hulainika kabisa karibu na nyuzi 100 na uso wake hung'aa vibaya usirudi tena. Vipande vya mbao kama vile vya Mercedes-Benz W123 visiwekwe juani kabisa. Veniya yake, yaani tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu, ikiinuka, mpelekee seremala mzuri wa eneo la Keko, umwonyeshe mwelekeo wa mistari kabla hajakata.

Dalili ya tano: milio

Konsoli inayolia ni ya kutafutwa kwa mkono. Ukiwa abiria, huku mwingine akiendesha kwenye barabara mbovu, bonyeza mfuniko, kisha pande, kisha sehemu ya mbele. Ukibonyeza mlio ukakoma, hapo ndipo. Mfuniko huhitaji vipande vidogo vya mpira kwenye pembe, na sehemu zinazosuguana huhitaji felti ya kunata. Mlio mzito unaobadilika kwa mwendo wa injini, usiobadilika ukibonyeza, hautoki kwenye konsoli. Tafuta ekzosi inayogusa bodi au maunting iliyokufa.

Dalili ya sita: joto kali au harufu kuzunguka mkono wa gia

Chini ya soksi ya gia inayoonekana, gari huwa na mpira mwingine uliofungwa kwenye sakafu yenyewe. Mpira huo mara nyingi umepasuka au haukurudishwa kabisa baada ya gia boksi kushushwa, na konsoli mpya hugeuka kuwa bomba linaloleta hewa ya chini ndani ya gari. Toa soksi na uangalie kwa tochi. Ukiona barabara, umepata chanzo. Weka mpira mpya, ziba mashimo ya zamani ya skrubu kwa vizibo vya mpira, na upake rangi ya kuzuia kutu kwenye kila shimo ulilotoboa, kwa sababu unyevu wa pwani huanza kazi yake kwenye ukingo wa shimo usio na rangi.

Joto tupu linavumilika hadi utakapopata mpira. Moshi hauvumiliki. Ndani ya moshi wa ekzosi mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaweza kuwepo hata pale ambapo pua haisikii kitu, hivyo kichwa kuuma au usingizi wa ghafla ndani ya gari vichukuliwe kama dalili kamili. Simamisha gari, fungua milango yote na ushuke. Fundi wa ekzosi akague mfumo mzima kuanzia manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, hadi ncha ya bomba, na konsoli ibaki nje ya gari mpaka atakapomaliza, ili naye aweze kuona sakafu yote kutoka juu.